Kwa Zuhura, Kuhusu Kompyuta Iliyonyamaza

Zuhura mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya maana: sweta, dawa ya kifua, pasipoti usiiweke kwenye begi la kukabidhi, ukifika piga simu hata kama umechoka. Mimi nimeachiwa masalia. Na masalia ya baba yako unayajua, ni kompyuta na ugomvi wangu na baba yako mdogo Shomari. Kwa bahati mbaya hayo ni jambo moja.

Jumapili uliniomba kitu. Ulisema hutaki zawadi wala dua ndefu, unataka kesho pale uwanja wa ndege utuone wote wawili, mimi na Shomari, tumesimama pamoja. "Baba, nendeni mkazungumze. Mimi siwezi kuondoka mmenuniana." Nikakujibu nitaangalia nafasi. Ukanitazama kama mteja aliyeambiwa arudi kesho.

Basi nimekwenda. Leo mchana nimefunga duka, nikashuka Magogoni, nikavuka na pantoni mpaka Kigamboni kwake. Nitakueleza yaliyotokea huko, ila nianze nyuma kidogo. Habari hii wewe umeisikia kwa mama yako na kwa Shomari mwenyewe. Kwangu hujawahi kuisikia. Kila ulipoigusa nilikuwa na skrubu ya kufungua.

Na kuna sababu nyingine. Siku ile ulipofanya usaili kwa simu na hawa watu wa Kigali wanaotengeneza mfumo wa kompyuta, ulikaa pale dukani kwenye kona yako, na mimi nilikuwa najifanya nasafisha feni ya kompyuta ya mtu. Wakakuuliza: mtengenezaji wa kifaa akitupa faili lililofungwa, akasema bila hilo kifaa chake hakifanyi kazi kwenye mfumo wetu, wewe ungefanyaje? Ukajibu hapohapo, bila hata kumeza mate: "Hatuweki kitu tusichoweza kukisoma." Nikaitazama ile feni, nikaona imekuwa safi zamani sana.

Sauti ilikuwa yako, Zuhura, lakini maneno yalikuwa yangu. Nimeyasema pale Kariakoo miaka yote hiyo kwa watu waliokuja kununua chaja. Walipokupa kazi, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka. Mimi nikasema naenda kununua maji. Nyumbani maji yalikuwepo.

Unajua nilivyoanza. Nilikuwa nauza kompyuta za mitumba na kuziwekea Windows ya kuchakachua, kama mtaa mzima. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa naharibu na kutengeneza, naharibu tena. Kompyuta zilikuwa zinatoka kwangu Jumatatu zikirudi Ijumaa zimejaa virusi, na mimi nilikuwa nazisafisha na kulipwa tena, nikaona hiyo ndiyo biashara. Halafu nikaijua Linux. Mfumo ambao mtu anapewa na maandishi yake yote, ausome, aubadilishe, ampe jirani. Utasema ninatia chumvi, lakini kwa mara ya kwanza niliweza kumuuzia mtu kitu bila kumwibia mtu mwingine. Nilitembea mtaa wa Msimbazi siku ile kama mtu aliyenyoa.

Shida ilikuwa wateja. Ukimwambia mtu kwamba huu mfumo haulipiwi, anauliza una kasoro gani. Ukimwambia umetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, hawajuani, anakutazama usoni kuangalia kama umekula.

Kosa langu la kwanza lilikuwa Kilwa. Shule moja kule ilinunua kompyuta kwangu, na chipu zao za kushika mtandao hewani hazikuwa na draiva huru, yaani programu ya kuziendesha ambayo mtu anaweza kuisoma. Mtengenezaji alikuwa ametoa yake, imefungwa, huruhusiwi kuichungulia. Nikaiweka. Mtandao ukashika, mwalimu mkuu akahutubia, nikapewa mnazi mzima wa madafu. Sikumwambia mtu kwamba ndani ya zile kompyuta kuna kipande ambacho si mimi wala wao tuna ufunguo wake. Niliona nitawachosha.

Ukafika wakati wa kubadilisha mfumo kwenda toleo jipya, na ile draiva haikukubali. Mtengenezaji alikuwa amehamia chipu nyingine, hizi za zamani kwake zimekufa. Nikaandika barua pepe. Ikajibu mashine kwamba maoni yangu yana thamani kubwa kwao. Masomo ya shule yalikuwa yanakuja kwa mtandao kutoka chumba cha walimu, kwa hiyo kompyuta zikabaki mapambo. Nilipokwenda kuziona, moja ilikuwa imewekewa chungu cha maua juu yake, na maua yalikuwa yamestawi.

Nikarudi Kariakoo na hasira ya mtu aliyedanganywa, ingawa aliyedanganya nilikuwa mimi. Nikaapa kwamba kilichofungwa hakitaingia tena kwenye kompyuta inayotoka kwangu. Nikamwita mwandika mabango akaniandikia ukutani kwa rangi nyekundu: HAPA HATUWEKI KILICHOFUNGWA. Massawe wa fremu ya pili, yule aliyekuwa ananichukulia wateja wote wa Windows, akaja akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "na soda je? Unaletewa imefunguliwa?"

Mtaa ukacheka. Mimi nikaona ndivyo wanavyochekwa watu wenye haki.

Sasa Shomari. Ulikuwa kidato cha nne, kwa hiyo baadhi ya haya uliyaona. Alipata nafasi ya kujaribiwa kazi kwenye ofisi ya watafiti pale Upanga. Walikuwa wamerekodi wazee wa pwani wakizungumza na walitaka mtu wa kusikiliza na kuandika. Hebu fikiri kazi ya namna hiyo. Mtu asiyeona, mwenye masikio kama yale, aliyejifunza kupiga chapa shuleni mpaka walimu wakawa wanamwomba apunguze kasi, na anayeielewa lahaja ya kila mzee kutoka Bagamoyo mpaka Mtwara. Ilikuwa kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Alichohitaji ni kompyuta inayomsomea kioo kwa sauti. Akanunua moja nzuri, ya juzijuzi, akaja nayo kwa kaka yake aliye fundi.

Nikaiwekea mfumo. Ikawaka vizuri, kila kitu kipo. Sauti hakuna.

"Kaka, mbona haisemi?"

"Chipu yake ya sauti haina akili yake. Kila ukiwasha, lazima mfumo uilishe faili la mtengenezaji."

"Faili hulijui lilipo?"

"Nalijua."

"Basi lilishe."

"Siwezi. Limefungwa lile."

Akacheka. "Kaka, mimi ndiye niliyefungwa hapa. Hilo faili limenizidi nini?"

Lilikuwa faili dogo kuliko picha ya pasipoti. Ningeliweka kabla hajamaliza kuvua viatu. Badala yake nilimhubiria, chai yake ikapoa, nikamweleza Kilwa yote mpaka kile chungu cha maua. Nikamwambia kuna watu wanaandika faili huru la chipu ile, wanaendelea vizuri, asubiri.

"Mpaka lini?"

"Wanaendelea vizuri."

"Mimi naenda Jumatatu, kaka."

Ukweli ni kwamba sikumwacha hivyohivyo. Nilizunguka Kariakoo kuanzia Aggrey mpaka mtaa wa Kongo natafuta kidude cha sauti cha kuchomeka pembeni, kwenye tundu la USB, cha aina ambayo mfumo huru unaielewa bila kulishwa chochote. Nilikuwa nageuza kila kimoja nasoma namba za chini, wauzaji wananiuliza kama nimetumwa na serikali. Nikakipata. Nikakichomeka, kompyuta ikasema. Shomari akainamisha kichwa akaisikiliza.

"Ina mafua," akasema.

"Lakini inasema."

"Inasema," akakubali.

Nilijiona mshindi. Nimemhudumia ndugu yangu na sijavunja kiapo. Nilimwambia Massawe kwa sauti, mtu apite asikie, kwamba Jumatatu ndugu yangu asiyeona anaanza kazi kwa mfumo huru mtupu. Jambo moja tu niliacha. Ile kompyuta ilikuwa na matundu mawili ya USB, na moja lilikuwa limelegea. Nililiona. Nikasema nitalishughulikia akirudi.

Jumatatu kule Upanga wakampa meza. Mama mwenye ofisi akampa flashi yenye sauti za wazee. Shomari akapapasa, akaichomeka kwenye tundu lililobaki, lile bovu, haikushika. Kijana mmoja wa pale, mwenye adabu zake, akasema, "Ngoja nikusaidie, mzee." Akachomoa kile kidude, akaweka flashi mahali pake.

Kompyuta ikanyamaza.

Wewe na mimi kompyuta ikinyamaza tunatazama kioo. Yeye alibaki na kibodi, kama mtu aliyeshika usukani wa gari lililokwisha kuondoka. Hakujua kama imezima, kama imeharibika, kama kuna maandishi yanayomwuliza kitu. Yule kijana hakujua alichokichomoa, na Shomari hakujua kwamba kimechomolewa. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Alimwambia mama yako kwamba kitu pekee alichokisikia kilikuwa feni ya dari, na kwamba alijua wote wanamwangalia kwa sababu hakuna aliyekuwa anapiga chapa. Mwisho yule mama akasema kwa upole kabisa: "Basi tutakupigia simu, kaka Shomari."

Hawakupiga.

Akaja dukani moja kwa moja kutoka huko. Akasimama mlangoni, kompyuta kwapani, akanieleza kwa maneno machache. Na mimi, Zuhura, swali langu la kwanza lilikuwa: "Kidude kiko wapi?"

Sikumuuliza habari ya kazi. Sikumwambia hata akae.

Akakitoa mfukoni, yule kijana alikuwa amempa wakati anaondoka, akakiweka mezani. Kisha akageuka, akapapasa ukuta wenye maandishi yangu mekundu, akaingia kwa Massawe. Kabla haijaadhiniwa alasiri, nikaanza kuisikia kompyuta yake kupitia ukuta wa mbao. Sauti safi, haina mafua hata kidogo. Windows ya kuchakachua, na programu ya kusoma kioo ya kuchakachua, vyote vimefungwa na vyote vya wizi, na ndugu yangu ndani yake anacheka.

Jioni Massawe akaja kuegemea meza yangu.

"Mzee, sikumtoza."

"Asante."

"Lakini nikuulize, usikasirike. Mimi Mlutheri. Ila nimekaa na nyinyi mtaa huu, naona mambo. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa anakula, msafiri anakula, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa hii dini yako ya kompyuta, mbona haina ruhusa ya mgonjwa?"

Nilimjibu kitu kuhusu Kilwa. Hakuwa anasikiliza, na mimi pia nilikuwa sisikilizi.

Ungependa habari iishie hapo, kwamba baba yako alikosea na Massawe alipatia. Haikuishia hapo. Shomari alipata vikazi vya kuandika barua za watu na risala za harusi, akawa anajitegemea. Baada ya muda ile programu ya kusoma kioo ikagundua kwamba ni ya wizi. Ikajifunga. Kompyuta ikanyamaza mara ya pili, katikati ya kazi ya mtu. Massawe akajaribu kuifungua, virusi vikaingia humo, vikafunga na mafaili yake yote, kila barua aliyoiandika. Massawe akaniletea habari mwenyewe, uso umemshuka.

Nikafurahi.

Nakuandikia hivyo kwa sababu huko uendako utakutana na furaha ya namna hii, na ina ladha nzuri mno. Mtu amekataa ushauri wako, akaenda kwa mwingine, mambo yakamharibikia kama ulivyosema, na wewe moyoni unahesabu bao. Nilikaa na ile furaha siku nzima. Nilikula nayo wali. Ilinichukua muda kuona kwamba aliyefungiwa mafaili yake ni mtoto wa mama yangu, na kwamba hata wakati huo sikunyanyuka kwenda kwake. Nilikuwa nasubiri aje yeye. Hajaja mpaka leo. Akahamia Kigamboni kwa wakwe zake, na tangu hapo mikono yetu inakutana misibani tu.

Leo nimemkuta barazani, simu sikioni, inamsomea kwa kasi ambayo mimi sikuambulia hata neno. Simu imefungwa kuanzia juu mpaka chini, hakuna mahali hata pa kuchungulia, na ndiyo inayomwendesha maisha. Shemeji yangu Mwajuma akanikaribisha kwa furaha ya kweli. Shomari akaizima simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Ile shikamoo iliniuma. Alinipa kama mtu anavyorudisha chenji.

"Zuhura anaondoka kesho," nikasema.

"Najua. Alikuja kuaga juzi. Kaniletea kofia."

"Nimekuja kwa ajili ya lile jambo."

"Lipi?"

"La kompyuta."

"Ile mbona ilishakufa. Niliwauzia watu wa vyuma chakavu."

"Nimekuja kukuomba radhi, Shomari."

Mwajuma akajifanya anaenda kuangalia jiko.

"Radhi ya nini hasa?" akauliza. "Ya kutoweka lile faili?"

Hapo, mwanangu, ndipo ningesema ndiyo, na kesho ungetuona tumesimama pamoja. Neno moja tu. Nilikuwa nimelitayarisha kwenye pantoni. Lakini nilipofungua mdomo nikakumbuka Kilwa, nikakumbuka ile programu iliyojifunga, na ule ubishi wangu ukanyanyua kichwa. Nikasema:

"Ya lile tundu la USB. Ningelitengeneza kwanza."

Akacheka. Alicheka sana, mpaka Mwajuma akachungulia.

"Kaka," akasema, "wewe hujapona."

"Lakini Shomari, ungeona jinsi—"

"Sikiliza. Mimi sikukasirika kwa sababu haikusema. Vitu vinaharibika, na mimi nimezaliwa Bongo, nimezoea. Wewe ungenikatalia tangu mwanzo, ukasema, mdogo wangu, siwezi, nenda kwa Massawe, ningekwenda kwa Massawe. Jumatatu ningefika Upanga na kompyuta inayosema. Lakini hukutaka niende kwa Massawe. Ulitaka nipate ile kazi kwa kompyuta yako, uwaambie watu. Ulishawaambia hata kabla sijaenda. Mimi nilikuwa bango lako, kama lile la ukutani. Tofauti ni kwamba lile ulililipia rangi."

Nilitazama chini kama mtoto, halafu nikakumbuka kwamba yeye hanioni, kwa hiyo hata aibu yangu hakuipata.

"Kesho nitamsindikiza mtoto," akaendelea. "Yeye hana kosa. Lakini wewe ukiwepo nitamsalimia nirudi zangu. Sisimami na wewe. Watu watasema tumepatana, na mimi sijapatana na mtu."

Mwajuma akanifungia samaki nije nao nyumbani. Ndio hao mliowala jioni hii. Mama yako aliwasifu, na wewe uliniuliza kama kumeenda vizuri, nikasema tumezungumza. Hilo ni kweli, tulizungumza.

Sasa nikuambie la kazi yako, kisha nikuache. Huko mtakaa kwenye meza ndefu. Mmoja atasema uhuru, mwingine atasema watumiaji, na wote wawili watakuwa na macho mazima na kompyuta zinazosema. Anayesema uhuru hatakosea. Tukiwakubalia watengenezaji kila wakitupa kitu kilichofungwa, hawana sababu ya kufungua tena, na ipo siku mfumo wenu utakuwa huru kwa jina tu, ndani mna vyumba vya watu wengine. Haya mimi bado nayaamini. Siyaachi kwa sababu tu yamenigharimu ndugu. Pengine nayashikilia kwa sababu hiyohiyo. Sijui.

Lakini liangalie lile la Shomari kwa jicho la fundi. Mfumo unapowekwa mara ya kwanza unamwuliza mtu maswali. Wengine watasema, basi tumwulize: je, unakubali tuweke faili lililofungwa ili upate sauti? Swali zuri, la heshima. Ila limeandikwa kwenye kioo, na hakuna sauti mpaka alijibu. Mtu asiyeona ataketi mbele yake kama Shomari alivyoketi Upanga, na nyinyi mtakuwa na hakika kwamba mmemwomba ruhusa.

Kwa hiyo mimi, ningekuwa na akili ninayoitafuta sasa, ningefanya hivi. Lile faili la sauti ningelipa nafasi tangu kompyuta inapowaka. Halafu mara tu anaposikia, ningemwambia kwa hiyo sauti yenyewe: hiki unachosikia kinapita kwenye kipande kilichofungwa, kinaitwa hivi, kimekaa mahali hapa peke yake, ukitaka kukiondoa unaondoa hivi, na siku likipatikana la huru tutakuletea. Nisingelificha kama nilivyoficha Kilwa, wala nisingelikataa halafu nikamtuma mtu Upanga na kidude. Na nyie mkiamua kukataa, mna haki, lakini mwambieni mtu angali nyumbani kwake ana muda wa kwenda kwa Massawe.

Hili nalo halitawafurahisha wote pale mezani. Watakuita msaliti upande mmoja na mkaidi upande mwingine. Mimi nimeitwa yote mawili na fremu inafunguliwa kila siku. Ninachokuomba, kabla hujasema tena lile neno langu kwa sauti yako nzuri, mpigie simu baba yako mdogo. Usinipigie mimi. Mimi nitakujibu vizuri mno. Yeye atakuuliza swali ambalo hukuliwazia, na atakutukana kidogo, vumilia.

Kuhusu kesho. Ulitaka wawili, na wawili hawapatikani. Ningeweza kuja nikasimama kwa mbali nyuma ya nguzo, na Shomari asingejua, lakini hilo ni la aina ileile ya mambo niliyokwisha kumfanyia. Nimemwambia mama yako kwamba nitakuwa dukani. Nitafungua mapema kabla hamjaamka, ili tusianze kuagana mlangoni ukanibembeleza nikakubali. Ndiyo maana naandika na sikuambii.

Usiwe na hasira na Shomari kwa hili. Hasira zote zilizobaki ni zangu, na nyingi sijui hata za kumpelekea nani.

Atakuja na Mwajuma, watakuwa wamevuka na pantoni ya kwanza. Mwajuma atakuwa na mizigo ya chakula mikono yote miwili, unamjua. Kwa hiyo wewe mshike Shomari. Pale mnaposhukia kwenye gari kuna ukingo wa barabara, umeinuka kuliko unavyodhani, na watu wanaowasindikiza wenzao hawaangalii chini. Mwambie kabla hajaufikia.

Baba yako